Nanoteknolojia na saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mikutano ya wanasayansi

Kila mwaka mwishoni mwa Mei, madaktari wa saratani wanapokusanyika Chicago kwa mkutano wa ASCO, simu yangu hujaa ujumbe. Mwanafunzi anauliza apeleke wapi ikisiri yake, yaani muhtasari wa utafiti wake. Dada wa mgonjwa anauliza ile dawa aliyoisikia redioni, ya "vidude vidogo vinavyoua kansa", itafika lini hospitali yetu. Mimi ni mfamasia. Kazi yangu ya kila siku ni kuandaa dawa za kemo, na nimebahatika kuhudhuria mikutano kadhaa ambako dawa za nano hujadiliwa. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi mara kwa mara, pamoja na majibu ninayowapa watu.

Nano ni kitu gani hasa?

Ni kipimo. Ukiikata mita moja vipande bilioni, kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa 7,000 hivi. Chembe zinazotengenezwa kubeba dawa za saratani nyingi ziko kati ya nanomita 10 na 200.

Kama umewahi kupimwa malaria zahanati kwa kipimo cha haraka, basi inawezekana kabisa umeshaiona nanoteknolojia kwa macho yako. Mhudumu anakuchoma kidole, anadondosha tone la damu kwenye kile kidude cheupe cha plastiki, anaongeza matone ya maji yake, mnasubiri. Wekundu unapanda taratibu kwenye karatasi, kisha mstari unajichora. Katika vipimo vingi vya aina hii, rangi ya ule mstari ni dhahabu. Dhahabu ikiwa katika punje za nanomita 40 hivi haiwi tena ya njano, inakuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Punje hizo zimebandikwa kingamwili zinazonasa protini ya vimelea, na zikijikusanya mahali pamoja ndipo jicho linaona mstari. Vipimo vingi vya mimba vinafanya kazi vivyo hivyo. Wanaotafuta vipimo vya saratani wanafuata wazo hilohilo: nasa alama ya ugonjwa, kisha ifanye ionekane.

Wazo la kutibu kwa vitu vidogo namna hiyo lilianzia wapi?

Mkutanoni. Tarehe 29 Desemba 1959, mwanafizikia Richard Feynman alihutubia mkutano wa wanafizikia wa Marekani uliofanyika Caltech, California, akawaambia kwamba chini kabisa, kwenye ulimwengu wa vitu vidogo, kuna nafasi tele ambayo hakuna aliyeigusa. Alisimulia pia wazo la rafiki yake Albert Hibbs: mgonjwa angeweza kummeza daktari wa upasuaji, yaani mashine ndogo ipitayo kwenye mishipa hadi moyoni. Neno lenyewe "nanoteknolojia" lilitolewa na Mjapani Norio Taniguchi mwaka 1974, nalo pia kwenye mkutano, huko Tokyo. Miaka ya 1960 Mwingereza Alec Bangham alikuwa ameshaeleza jinsi mafuta ya aina fulani yakiwekwa majini yanavyojikunja yenyewe kuwa vifuko. Leo tunaviita liposomu, na ndivyo vilivyobeba dawa ya kwanza.

Kwa nini dawa ifungashwe? Si iingie tu kwenye damu ikaue seli za saratani?

Kwa sababu kemo ya kawaida haichagui. Inapiga seli zinazogawanyika haraka popote zilipo, ndiyo maana nywele zinanyonyoka, mdomo unatoka vidonda na chembe nyeupe za damu zinashuka. Doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa rangi yake tu, ina tatizo la ziada: inaumiza moyo, na madhara hayo yanajilimbikiza dozi baada ya dozi, hivyo kuna kiwango ambacho mgonjwa hatakiwi kukivuka maisha yake yote.

Mwaka 1986 Wajapani wawili, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, walionyesha kwamba mishipa ya damu ndani ya uvimbe hujengwa ovyo ovyo, ina matundu, na uvimbe hauna mifereji mizuri ya kutoa kinachoingia. Kitu chenye ukubwa unaofaa kinaweza kupenya humo na kubaki, wakati mishipa mizima ya moyo au misuli hairuhusu. Juu ya wazo hilo moja zimejengwa maabara zisizohesabika duniani. Nitarudi kwake, maana ndilo linalogombaniwa hadi leo.

Kuna dawa ya nano ambayo tayari inatibu watu, au bado ni habari za panya?

Zipo, na ya kwanza inatuhusu sisi kuliko wengi wanavyojua.

Novemba 1995 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipitisha Doxil, doksorubisini iliyofungwa ndani ya liposomu za nanomita 100 hivi na kuvishwa nyuzi za polimeri ili kinga ya mwili isizitambue upesi. Kazi kubwa ya kuitengeneza ilifanywa na Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon huko Jerusalem. Ilipitishwa kwa ajili ya saratani ya Kaposi kwa watu wenye UKIMWI. Saratani hiyo ilielezwa na daktari Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872, lakini Afrika Mashariki na Kati iliifahamu vizuri hata kabla ya UKIMWI, na VVU vilipoenea, Kampala ilishuhudia Kaposi ikipanda hadi kuwa saratani inayoongoza kwa wanaume. Yale mabaka meusi miguuni, uvimbe unaofanya kiatu kisiingie, wahudumu wa rika langu tumeyaona sana.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya nano ya saratani ilipata kibali kwa ugonjwa wa kwetu, na bado kwa miaka mingi haikuwa rahisi kuipata kwetu. Bei yake ilikuwa juu mno. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2020, lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, lililinganisha dawa ambazo hospitali zetu zinaweza kuzipata kwa Kaposi iliyokomaa, na iliyoshinda ni paklitakseli ya kawaida, dawa ya kemo isiyo ya nano. Jaribio hilo liliokoa maisha ya watu. Lakini linaniuma kwamba dawa iliyopitishwa kwa ugonjwa huu huu haikuwa hata kwenye mashindano.

Zilizofuata ni kadhaa. Abraxane ya mwaka 2005 ni paklitakseli iliyofungwa na albumini, protini ya kawaida ya damu, katika chembe za nanomita 130 hivi, na ilianza na saratani ya matiti. Mwaka 2015 ikaja irinotekani ya liposomu kwa saratani ya kongosho. Mwaka 2017 ikaja Vyxeos, liposomu moja yenye dawa mbili ndani yake, kwa aina fulani za saratani kali ya damu.

Je, zinaponyesha kuliko dawa za zamani?

Mara nyingi faida yake kubwa ni madhara kupungua. Liposomu inaulinda moyo, ingawa inakuja na lake: viganja na nyayo kuwa vyekundu na kuchubuka. Abraxane inaondoa kimiminika kilichokuwa kinayeyusha paklitakseli ya zamani, ambacho huwapa baadhi ya wagonjwa mzio mkali. Vyxeos ni miongoni mwa zile chache zilizowaongezea wagonjwa muda wa kuishi zilipolinganishwa na dawa zilezile zisizofungashwa. Mtu akikuambia nano imeimaliza saratani, muulize saratani ipi na kwa nani.

Na kwenye kugundua ugonjwa mapema?

Hapa ndipo ahadi ni nyingi na vilivyofika kwa mgonjwa ni vichache. Mfano ninaoupenda ni CellSearch, kipimo kilichopitishwa Marekani mwaka 2004. Wanachukua mililita 7.5 za damu, wanaweka chembe ndogo za sumaku zilizobandikwa kingamwili, chembe zinazishika seli za saratani zilizochopoka kutoka kwenye uvimbe, kisha sumaku inazivuta pembeni ili zihesabiwe. Katika mabilioni ya seli za damu, kuzipata seli tano tu kunatosha kumwambia daktari jinsi saratani ya matiti iliyosambaa inavyokwenda. Lakini kipimo hicho hakimwambii mtu asiyeumwa kama ana saratani au hana. Ni cha kufuatilia mgonjwa anayejulikana.

Kingine ni kimiminika cha chembe za madini ya chuma ambacho daktari wa upasuaji anakidunga karibu na uvimbe wa titi ili kujua tezi ya kwanza ya kwapani ambako saratani ingekimbilia. Kawaida kazi hiyo hufanywa kwa dawa yenye mionzi, na hospitali zenye kitengo cha kuishughulikia mionzi hiyo kwetu ni za kuhesabu. Chembe za chuma zinahitaji kifaa cha kusikiliza sumaku tu. Kwa maoni yangu, vitu vya namna hii ndivyo tungevipigania kwanza.

Mpaka leo, kwetu na kwao, saratani inathibitishwa kwa kukata kipande cha nyama na kukitazama kwenye hadubini.

Binti yangu alichanjwa HPV shuleni. Nayo ni nano?

Kwa ukubwa, ndiyo. Chanjo hiyo, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, imetengenezwa kwa maganda matupu yanayofanana na kirusi, kila moja likiwa na nanomita 55 hivi, bila chembe za urithi ndani, kwa hiyo haliwezi kuambukiza. Rwanda ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Wataalamu wengi hawaiingizi kwenye orodha ya dawa za nano, lakini ukiniuliza chembe ndogo ipi imefanya kazi kubwa zaidi dhidi ya saratani katika ukanda wetu, nitakutajia hiyo. Hakikisha tu mdogo wake naye anaipata.

Mikutano yenyewe hufanyika wapi?

Kuna ya jumla na ya fani. Ya jumla ni kama AACR, ya chama cha watafiti wa saratani cha Marekani kilichoanzishwa 1907, na ASCO ya madaktari. Humo nano ni chumba kimoja katika vyumba vingi. Wanaofungasha dawa hasa hukutana Controlled Release Society. Basel, Uswisi, kuna mkutano wa CLINAM, unaowaweka pamoja madaktari, watengenezaji na wadhibiti wa dawa. Kuna pia mkutano wa Gordon kuhusu nanoteknolojia ya saratani, Marekani, mdogo na wa ndani sana: hairuhusiwi kupiga picha bango la mtu wala kunukuu alichosema, ili watu waonyeshe kazi ambazo bado hazijakomaa.

Barani kwetu tegemea AORTIC, mkutano wa shirika la Afrika la utafiti na mafunzo ya saratani, unaofanyika kila baada ya miaka miwili. Umewahi kuja Dar es Salaam mwaka 2009, ukaenda Kigali 2017, Maputo 2019 na Dakar 2023. Si mkutano wa nano, lakini ndipo utakapokutana na watu wanaowatibu wagonjwa unaowafikiria.

Ndani kunatokea nini? Sijawahi kwenda.

Asubuhi ni hotuba, slaidi baada ya slaidi. Moyo wa mkutano uko kwenye ukumbi wa mabango. Kila mtafiti anasimama mbele ya karatasi lake kubwa lililobandikwa kwa pini na kumweleza yeyote anayepita.

Nakumbuka binti mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, ambaye bango lake lilikuwa na picha ya panya iliyopigwa kwa mwanga maalumu: mgongoni uvimbe unang'aa mwekundu kwa chembe za nano zilizojikusanya humo, mahali penginepo giza. Watu walikuwa wanasimama kuishangaa. Akaja mzee mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa upole, "Na zilizobaki zimekwenda wapi?" Binti akainama, akatoa karatasi nyingine mkobani. Ilikuwa na chati ya nguzo. Nguzo ya uvimbe ilikuwa fupi kama kidole. Ya ini ilipanda hadi juu kabisa. Mzee akasema, "Hiyo ndiyo ungeiweka ubaoni," wakavuta viti, wakakaa wakazungumza karibu saa nzima. Nilisimama pembeni nikisikiliza. Nilijifunza pale kuliko kwenye hotuba zote za siku hiyo.

Wanabishania nini zaidi?

Nguzo ya yule binti. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan, Chuo Kikuu cha Toronto, lilikusanya tafiti za wanyama za miaka kumi na kukuta kwamba, kwa thamani ya kati (nusu ya matokeo yakiwa juu yake, nusu chini), ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo zinazofika kwenye uvimbe. Saba katika elfu. Nyingi ya zilizobaki huishia kwenye ini na wengu, viungo ambavyo kazi yake ni kuchuja damu. Ukumbi uligawanyika. Wengine walisema hesabu imefanywa vibaya, na kwamba cha kuuliza ni kama dawa iliyofungashwa inafika kwa wingi kuliko isiyofungashwa. Mwaka 2020 kundi hilohilo likaleta jipya: chembe nyingi zinazoingia kwenye uvimbe hazipiti kwenye yale matundu ya mishipa tuliyofundishwa, zinabebwa na seli za ukuta wa mshipa wenyewe. Kama ni hivyo, tulikuwa tunatengeneza ufunguo wa mlango usio wenyewe.

Na kuna maumivu ya pesa. BIND, kampuni iliyotokana na maabara za Robert Langer na Omid Farokhzad, ilikuwa na chembe zilizolengwa kushika seli za saratani. Matokeo kwa wagonjwa hayakutosha, ikaomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2016, na Pfizer ikainunua kwa dola milioni 40. Panya wetu wana uvimbe uliopandikizwa ukakua kwa wiki chache. Binadamu anakuja na uvimbe wa miaka, wenye mishipa ya kila namna.

Nimesoma kwamba "wanasayansi wamegundua tiba" kwenye mkutano fulani. Niamini?

Tafuta mambo machache kabla hujaisambaza kwenye kundi la familia. Waliotibiwa ni watu au panya? Kama ni watu, wangapi, na je walikuwepo wengine waliopewa dawa ya kawaida ili walinganishwe? Kilichopimwa ni uvimbe kunywea, au watu kuishi muda mrefu zaidi? Awamu ya kwanza ya majaribio inatafuta hasa kama dawa ni salama na kwa dozi gani, haijaribu kuthibitisha kwamba inaponya. Tena ikisiri ya mkutano ni maneno machache yaliyopitiwa haraka, kabla kazi haijahakikiwa kwa kina na jarida.

Mama yangu ameanza kemo. Tumsimamishe tusubiri dawa hii mpya?

Hapana. Tafadhali, hapana. Kutoka bango hadi dawa dukani hupita miaka mingi, na nyingi hazifiki. Saratani haisubiri. Mpelekeni mama kwa tarehe zake, na kama kuna jaribio lolote linalomfaa, daktari wake ndiye atakayelijua.

Nimepokea barua pepe ya kunialika kama "mzungumzaji mkuu" kwenye kongamano la nano na saratani. Niende?

Kama hujawahi kuchapisha chochote kuhusu jambo hilo, jiulize wamekupata wapi. Biashara hii ni kubwa. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru OMICS, kampuni yenye makao Hyderabad, India, kulipa zaidi ya dola milioni 50, katika kesi iliyohusu pamoja na mengine kutangaza kwamba wataalamu fulani watahudhuria mikutano yake wakati hawakukubali.

Mwenzangu mmoja alilipa ada, akakopa nauli, akafika hotelini akakuta chumba kimoja, watu kumi na mmoja, na mada kutoka ufugaji wa samaki hadi upasuaji wa meno. Alirudi na cheti na deni. Kwa hiyo andikia moja kwa moja mtu mmoja au wawili waliotajwa kwenye kamati, uwaulize kama wanaujua mkutano huo. Ikisiri ikikubaliwa ndani ya siku moja bila swali hata moja, ogopa. Uliza mwalimu wako kama amewahi kwenda.

Sina pesa. Nawezaje kushiriki?

Mikutano mingi ya kweli ina ada ya chini kwa wanafunzi na kwa watu wa nchi za kipato cha chini, na baadhi hutoa misaada ya safari, lakini maombi hufungwa miezi mingi kabla. Omba viza mapema kuliko unavyodhani inatosha. Watafiti wetu wengi wamekosa kusimama mbele ya mabango yao kwa sababu ya viza iliyochelewa au kukataliwa bila sababu ya maana, na hilo ni hasara kwa mkutano wenyewe.

Usidhani pia kwamba kazi hii ni ya ng'ambo tu. Profesa Hulda Swai, Mtanzania, aliongoza utafiti wa kufungasha dawa za kifua kikuu kwa chembe za nano huko Pretoria, kisha akaja kufundisha Arusha katika Taasisi ya Nelson Mandela. Mbinu za kufungasha dawa ni zilezile, ugonjwa ndio unaobadilika.

Mimi si mwanasayansi. Nikipewa nafasi ya kuuliza swali moja kuhusu dawa ya nano, niulize nini?

Uliza inahifadhiwa nyuzi joto ngapi, na dripu inachukua muda gani. Doksorubisini ya liposomu inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, na haitakiwi kugandishwa. Abraxane ni unga unaokaa kwenye joto la kawaida la chumba, na dripu yake ni dakika 30, wakati paklitakseli ya zamani mara nyingi huchukua saa tatu, baada ya dawa za kuzuia mzio. Kwenye wodi yenye viti sita na wagonjwa thelathini wanaosubiri kwenye benchi, wengine wamelala kituo cha basi usiku kucha, tofauti hiyo ya saa mbili na nusu ndiyo inayoamua nani atapata dawa leo na nani ataambiwa arudi kesho.